Nimeshazoea kuendesha kulia, mbona wiki ya tatu ndo nimeingia upande usio wangu?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nimehamia nje ya nchi kikazi, huku wanaendesha upande wa kulia na mimi nimeendesha kushoto miaka 9 bila kugonga hata ndoo. Wiki mbili za mwanzo nilienda vizuri mpaka nikaanza kujisifu. Wiki ya tatu nimetoka kazini usiku, nikapita sheli kuweka mafuta, kutoka pale nikashika barabara upande wa kushoto kama zamani, nimeenda kama mita mia mbili hivi ndo naona taa za gari zinanijia usoni. Mungu mkubwa, yule dereva akanikwepa. Tangu siku hiyo nikishika usukani mikono inatoka jasho. Mume wangu ananiambia nitazoea tu. Ni kweli ni suala la kuzoea? Na kuna vitu gani vingine mgeni anatakiwa ajue barabarani ambavyo hakuna anayemwambia?"

Marahaba dada yangu, na pole sana kwa ule usiku. Nimesoma swali lako mara mbili na nataka nianze na hapo kwa mumeo, maana jibu lenyewe liko hapo. Anakutakia mema lakini kwenye hili hajapatia. Kuzoea ndo kulikokuponza. Angalia ulivyoandika mwenyewe, wiki mbili za mwanzo ulienda vizuri, na ulienda vizuri kwa sababu ulikuwa unaendesha na kichwa, kila kona unajiuliza, kila njia panda unapunguza mwendo, redio umezima, mtu akikuongelesha unamwambia subiri kwanza. Wiki ya tatu kichwa kikaona sasa hili tumeshaliweza, kikaanza kuwaza zamu ya kesho na hela ya kodi, kazi ya kuendesha kikaiachia mikono. Na mikono yako ina miaka 9 ya kushoto na wiki mbili za kulia. Ikiachiwa peke yake itachagua nini?

Hili halijakupata wewe peke yako, limeshaipata nchi nzima. Sweden walikuwa wanaendesha kushoto mpaka tarehe 3 Septemba 1967, siku hiyo ya Jumapili saa kumi na moja kasoro dakika kumi alfajiri magari yote yaliyokuwa barabarani yakaamriwa kusimama, yakahamia taratibu upande wa kulia, yakasimama tena, saa kumi na moja kamili yakaruhusiwa kwenda. Kila mtu alitegemea msiba. Badala yake ajali zikapungua, watu walikuwa wanaendesha kwa tahadhari kama wamebeba mayai. Alafu baada ya muda, walivyoanza kujiamini, ajali zikarudi kulekule zilipokuwa. Nawaambia wanafunzi wangu wote habari hii kabla hata hatujawasha gari, kwa sababu mgeni anaogopa siku ya kwanza na siku ya kwanza mara nyingi inakuwa salama, hatari yake iko mbele kidogo, pale anapoacha kuogopa.

Sasa turudi pale sheli maana pale kuna kila kitu. Kulikuwa usiku, ulikuwa umechoka, barabara ilikuwa tupu, na ulikuwa unatoka mahali pasipo na mistari. Hivyo vitu vinne vikikutana mgeni anakosea, karibu kila mwanafunzi wangu aliyewahi kuingia upande usio wake aliingia kwa mtindo huohuo. Mchana kwenye foleni huwezi kukosea hata ukitaka, gari ya mbele yako inakushika mkono, unaifuata tu. Barabara ikiwa tupu hakuna wa kumfuata, na mikono inakumbuka nyumbani. Kwaiyo sehemu za kuziogopa ni chache na zinajulikana: kutoka sheli, kutoka pakingi ya duka au hospitali, kutoka getini kwako asubuhi ukiwa bado na usingizi, kutoka barabara ya njia moja kuingia ya njia mbili, kugeuza gari ukigundua umepotea, na kukata kushoto kuingia barabara isiyo na gari hata moja. Kuna na nyingine watu wanaisahau, kurudi barabarani baada ya kusimama pembeni kupokea simu. Ukisimama pembeni dakika tano tu kichwa kinajifuta.

Dawa yake si kuogopa safari nzima, hutaweza, utachoka na uchovu wenyewe ndo adui. Dawa ni kuwa na neno moja unalolisema kwa sauti kwenye sehemu hizo tu. Mimi nafundisha hili: dereva yuko katikati. Maana yake ukikaa kwenye gari iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi unayoendesha, mwili wako siku zote unatakiwa uwe upande wa mstari wa katikati ya barabara, na kiti cha abiria ndo kiwe upande wa ukingo wa barabara. Kule ulikotoka ilikuwa hivyohivyo, ulikaa kulia na mstari wa kati ulikuwa kuliani kwako. Huku umekaa kushoto na mstari wa kati uko kushotoni kwako. Kwaiyo sheria haijabadilika, ni ileile, na ndo maana naipenda kuliko kumwambia mtu "kaa kulia, kaa kulia", maana kulia na kushoto ukiwa umechoka vinachanganya ila ukiona nyasi na watembea kwa miguu wako karibu na mlango wako hapo hapo unajua kuna kitu hakiko sawa. Kila unapotoka sheli, kabla tairi halijagusa lami, sema kwa sauti "dereva katikati" alafu ndo utoke. Kwa sauti kabisa, hata kama kuna abiria. Mdomo ukisema kichwa kinalazimika kurudi kazini.

Angalizo moja, sheria hiyo inafanya kazi kama usukani uko upande unaolingana na nchi. Ukivuka mpaka na gari yenye usukani wa upande mwingine, kama Waingereza wanavyovuka kwenda Ufaransa na magari yao, inageuka, utakaa ukingoni na kuovateki kutakuwa kazi ngumu sana maana huoni mbele mpaka umetoa gari nusu nzima. Kama unaweza kuchagua, endesha gari ya hukohuko.

Alafu kuna hili la gari kuvutika pembeni. Miaka 9 ulijifunza kwamba gari yako imejaa kushotoni kwako, sasa imejaa kuliani, lakini mwili bado unataka kukaa palepale ilipokuwa inakaa barabarani. Matokeo yake gari inabana kulia, inasogelea magari yaliyopaki, inasugua ukingo, na wewe mwenyewe huoni, unajiona uko katikati ya leni kabisa. Mimi mwenyewe nilivyohamia nilivunja saitimira ya gari iliyopaki mwezi wa kwanza tu, nilisikia mlio kama wa chupa na sikuelewa umetoka wapi mpaka nilipotazama kioo na kuona kile kipande kinaning'inia na waya. Nikasimama nikamsubiri mwenyewe, siwezi kusahau ile nusu saa. Kwaiyo kuanzia kesho kila ukisimama kwenye mataa tazama kioo cha kulia, uone tairi la nyuma liko umbali gani na mstari. Usitazame ukiwa unaenda, tazama ukiwa umesimama. Baada ya siku kumi hivi macho yanajua upana wa gari upya.

Mikono nayo ina mambo yake. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japan yana kijiti cha indiketa upande wa kulia wa usukani, ya Ulaya na Marekani kijiti hicho kiko kushoto. Kwaiyo unafika kona, unataka kuwasha indiketa, waipa zinaanza kufuta kioo kikavu jua linawaka, kwikwikwi, unashtuka, unatazama chini kuzima waipa, na hapo ndo unapokuwa hatarini kwa sababu kona imefika na macho yako yako kwenye usukani. Waipa zikijiwasha ziache zifute. Maliza kona kwanza, kioo hakitaharibika. Na kabla ya hapo kaa kwenye gari iliyozimwa, imepaki, dakika kumi, funga macho, piga indiketa kulia, kushoto, waipa, taa kubwa, honi, handibreki, mpaka mikono ipate bila kutafuta. Wanafunzi wananionaga kama nawapotezea muda, lakini hizo dakika kumi ndo za faida kuliko saa zima la barabarani. Jambo la kukutuliza ni kwamba miguu haina cha kujifunza, pedeli zimepangwa vilevile dunia nzima, mafuta kulia, breki katikati, klachi kushoto, na hata gia namba moja iko palepale juu kushoto, isipokuwa sasa unaingiza kwa mkono wa kulia. Wiki ya kwanza watu wengi wanapiga mlango kwa mkono wa kushoto wakitafuta gia, hiyo inapita yenyewe.

Sasa kipilefti. Lugha yetu yenyewe imebeba kushoto ndani ya neno hili, mtu akisema kipilefti kashajiambia akae kushoto kabla hajafika. Huku kwa kulia mnazunguka kinyume cha mishale ya saa na gari ya kuipisha inatokea kushoto kwako. Shingo yako imezoea kugeuka kulia, utageuka kulia, utaona pako wazi, utaingia, na gari itakuja na ubavu wa mlango wako. Ndo maana nasema kwenye raundabauti za mwanzo simama kabisa hata kama hakuna gari, wa nyuma akipiga honi apige. Na usidhani kila mahali aliye ndani ya mzunguko ndo mwenye haki. Sehemu nyingi ni hivyo, lakini pale Paris kwenye ule mzunguko mkubwa wa Arc de Triomphe, zinapokutana barabara 12, aliye ndani ndo anasimama kumpisha anayeingia kutoka kulia. Mgeni anayezunguka pale kwa kujiamini kwamba "niko ndani" anagongwa akiwa na makosa yeye.

Na hii shingo si ya kwenye gari tu, hata kwa miguu. Tarehe 13 Desemba 1931 Winston Churchill, mwanasiasa maarufu wa Uingereza, alishuka kwenye teksi New York, akavuka Fifth Avenue na mazoea yake ya Uingereza, gari ikamgonga akalazwa. Huyo alikuwa mtu mzima aliyezunguka dunia. London mpaka leo wameandika chini kwenye lami upande gani uangalie kabla hujavuka, na hawajaandikia watoto, wameandikia wageni. Kwaiyo ukivuka barabara angalia pande zote mbili, alafu ule wa kwanza angalia tena, na wafundishe watoto wako hivyohivyo kama uko nao.

Swali lako la pili lina mengi, nitachukua yale yanayowaumiza watu kweli. Kubwa kuliko yote ni nani ana haki ya kupita kwanza. Sisi wengi tumezoea kwamba barabara kubwa inaipita ndogo, uchochoro unasubiri. Sasa ukienda Ufaransa, Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya bara, kama hakuna alama wala mataa kwenye njia panda, anayetokea kuliani kwako ndo anapita kwanza, hata kama anatokea kwenye kichochoro chembamba na wewe uko kwenye barabara inayoonekana kubwa. Atatoka bila kukutazama kwa sababu haki ni yake na anajua unajua. Kwaiyo kwenye mitaa ya makazi unaenda mguu ukiwa juu ya breki, kila mdomo wa barabara kulia unaupunguzia. Tafuta kibao cha njano chenye umbo la almasi, yaani mraba uliosimamia kona yake, na ukingo mweupe, hicho kinakwambia uko kwenye barabara yenye haki, kula mwendo wako. Ukikiona hichohicho kimekatwa na mistari myeusi, haki imeishia hapo. Hicho kibao kidogo nakiona ni muhimu kuliko vibao vyote vya Ulaya na ndo kibao ambacho wageni hawakijui kabisa.

Marekani wana namna nyingine, njia panda yenye kibao cha kusimama pande zote nne, aliyefika wa kwanza anaondoka wa kwanza, mkifika pamoja anaanza aliye kulia. Unasimama kabisa, tairi zisimame, si kupunguza. Mgeni anayebaki pale akipisha kila mtu kwa adabu anawachanganya wenzake, kila mmoja anamsubiri mwenzie. Kwao pia basi la shule likisimama na taa nyekundu zinamulika, magari ya nyuma na ya mbele yote yanasimama, isipokuwa majimbo mengi yanawaruhusu wanaotoka mbele kuendelea pale barabara ilipogawanywa katikati, na hilo wanalichukulia kwa uzito mkubwa sana na wana haki, ni watoto. Kukata kulia taa ikiwa nyekundu, baada ya kusimama kabisa, kunaruhusiwa majimbo mengi lakini ndani ya jiji la New York hairuhusiwi mpaka kuwe na kibao kinachoruhusu, kwaiyo usijifunze Marekani kama nchi moja, kila jimbo lina kitabu chake cha udereva na kinapatikana bure kwenye intaneti. Trafiki akikusimamisha kule, paki kulia, baki ndani ya gari, mikono juu ya usukani ionekane, usianze kuchakura kwenye dashibodi kutafuta karatasi mpaka akuambie. Kuna watu wametoka nchi ambazo adabu ni kushuka na kumfuata askari umsalimie. Kule kushuka kunatafsiriwa vingine kabisa.

Lugha ya taa na honi nayo ni lugha ya kigeni kama lugha nyingine. Dereva wa mbele akikupiga taa, Uingereza watu wengi wanamaanisha pita wewe, japo kitabu chao cha sheria kinasema taa ni ya kumjulisha mwenzio kwamba upo, basi. Ukienda Italia taa hiyohiyo inamaanisha nakuja, kaa hapohapo. Maana mbili zinazopingana kabisa, taa moja. Kwaiyo sheria yangu ni kwamba taa ya mtu haikupi ruhusa ya kwenda, inakupa habari tu kwamba kuna mtu, angalia tairi zake, tairi zikisimama ndo anakupisha. Honi vilevile, India malori yameandikwa nyuma kabisa yanaomba upigiwe honi ukitaka kupita, ukihamia Uingereza huruhusiwi kuipiga kwenye maeneo ya makazi kati ya saa tano na nusu usiku na saa moja asubuhi isipokuwa kuna hatari. Mtu asiyejua atadhani jirani zake wana hasira naye bila sababu.

Ukiwa Ujerumani kwenye barabara kuu foleni ikianza kusimama, wa leni ya kushoto kabisa anabana kushoto, wengine wote wanabana kulia, katikati panabaki njia ya ambulensi. Wanafanya hivyo kabla hawajasikia king'ora. Usisubiri usikie, fanya ukiona mwendo umeshuka.

Karatasi sasa, na hapa naomba usome taratibu dada yangu maana watu wanapoteza hela nyingi. Kile kijitabu wanachoita leseni ya kimataifa si leseni, ni tafsiri ya leseni yako. Peke yake hakina kazi, lazima utembee nacho pamoja na leseni halisi, na kinatolewa na nchi iliyokupa leseni, kwaiyo kichukue kabla hujaondoka, na wale wasio na idhini wanaokuuzia kwenye mtandao wanakuuzia karatasi. Tena viko vya aina mbili kubwa, cha mkataba wa Geneva wa 1949 ambacho kinadumu mwaka 1, na cha mkataba wa Vienna wa 1968 ambacho kinaweza kudumu mpaka miaka 3 kama leseni yako haijaisha kabla. Zipo nchi zinakubali kimoja na kukataa kingine. Japan wanakubali cha 1949 tu, na China bara hawakitambui chochote kati ya hivyo. Mtu anafika na kijitabu kizuri kina muhuri na picha na bado haruhusiwi kuendesha.

Na huo ni utalii. Wewe umehamia, na ukihamia saa inaanza kuhesabu tangu siku ulipokuwa mkazi. Ujerumani leseni ya nje ya Ulaya inakutosha miezi 6, Uingereza miezi 12, baada ya hapo kulingana na nchi uliyotoka unabadilishiwa au unaanza mitihani kama mtu ambaye hajawahi kushika usukani. Muda ukipita hata siku moja, na ukagonga, kampuni ya bima inaweza kusema huyu hakuwa na leseni halali, na hapo unaweza kujikuta unadaiwa wewe hela ya mtu uliyemgonga. Fungua simu yako leo, hesabu kutoka siku uliyojiandikisha makazi, weka alamu miezi miwili kabla, maana nafasi za mitihani zinajaa. Na andikia kampuni ya bima uliyokuwa nayo mwanzo wakupe barua kwamba miaka 9 hujadai chochote. Kampuni nyingine za huko zitaikubali na bei itashuka, nyingine zitakataa, lakini kuomba hakugharimu kitu.

Mafuta kwa kifupi. Usisome rangi ya bomba, soma maandishi, kwa sababu Uingereza kijani ni petroli na Marekani kwenye vituo vingi kijani ni dizeli. Na maandishi yenyewe yana mitego, Ufaransa ukiona gazole hiyo ni dizeli, Hispania gasóleo ni dizeli na gasolina ni petroli. Nchi za Umoja wa Ulaya tangu 2018 wanabandika alama, duara ni petroli, mraba ni dizeli, na alama ileile utaikuta ndani ya kifuniko cha tenki kwenye magari mapya. Ukishaweka kimakosa usiwashe gari hata kidogo, hata swichi usiguse, isukumwe pembeni inyonywe. Injini iliyozimwa inaponeka.

Vibao vya spidi vya Marekani na Uingereza ni vya maili, 30 yao ni kama kilomita 48 na 70 yao ni kama 113, kwaiyo hakikisha unajua gari yako inasoma nini. Pombe sitaongea sana, Czech na Hungary kiwango ni sifuri, Scotland ni kidogo kuliko England na ziko kisiwa kimoja. Ukiwa mgeni kunywa na kuendesha usivichanganye kabisa, usijifunze viwango.

Kuna na faini za kamera. Miji mingi ya Italia ina maeneo ya katikati ya mji ambayo gari isiyo na kibali hairuhusiwi kuingia, hakuna geti, hakuna askari, kuna kibao na kamera, unapita mara tatu ukitafuta hoteli na miezi kadhaa baadaye zinakuja faini tatu pamoja na ada ya kampuni ya gari ya kukodi ya kutoa jina lako. Ramani ya simu inaweza kukupitisha humohumo. Kwaiyo katikati ya miji ya zamani paki nje, tembea. Na ikitokea umegongana na mtu Ulaya, kuna fomu ya kawaida mnajaza wote wawili papohapo na kusaini, mchoro wa ajali na kila kitu. Usisaini lugha usiyoielewa. Piga picha za magari yote kabla hayajasogezwa, mistari ya barabara ionekane, piga 112 kama kuna aliyeumia, na mwambie mwenzako kwa upole unasubiri mtu wa kukutafsiria. Watu wengi wazuri wamesaini kosa lisilo lao kwa sababu waliona aibu kuchelewesha watu.

Hiyo aibu nataka niiongelee maana naiona kwenye swali lako. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Barabarani jembe unashikishwa saa ya kwanza, hakuna anayejua kwamba wewe ni mgeni, gari yako ina namba kama za wengine na aliye nyuma yako anategemea ujue kila kitu. Ndo maana mgeni anakimbizwa na honi mpaka anafanya haraka, na haraka ndo inamrudisha kwenye mikono ya zamani. Ukipigiwa honi, hesabu kwamba mtu huyo anakuambia umechelewa sekunde nne, na sekunde nne unaruhusiwa. Ukipotea njia, potea, endelea mpaka mzunguko unaofuata, usikate kona ghafla kwa sababu simu imesema. Kwenye baadhi ya nchi kuna kibandiko cha dereva mwanafunzi au dereva mpya, ulizia kama unaruhusiwa kukiweka kwa hiari. Nimewaona watu wa miaka 20 ya udereva wanakiweka mwezi wa kwanza na gari za nyuma zinawapa nafasi.

Na hilo jasho la mikono usipigane nalo. Limekuja kwa sababu mwili wako umeelewa vizuri kilichotaka kutokea. Nimewahi kuwa na mwanafunzi, mama mmoja, aliyefanya kosa kama lako na wiki iliyofuata akawa mzima kabisa anaongea huku anaendesha, huyo ndo alinitia wasiwasi. Wewe umeshtuka, na mshtuko huo ukiupa kazi utakulinda, ukiuacha bila kazi utakufanya uache kuendesha.

Kwaiyo kazi ni hii. Jumapili asubuhi mapema, umelala vizuri, nenda palepale sheli na mumeo akae kiti cha abiria. Ingia, zima gari, kaa dakika moja, washa, sema dereva katikati, toka. Zunguka, rudi, ingia tena. Mara kumi. Mumeo asikuelekeze wala asikusifie, kazi yake ni moja tu, kila mkishaingia barabarani akuulize mstari wa katikati uko mkono gani, na wewe umjibu kwa kuugusa mlango wako. Ukimaliza mchana, rudieni usiku wa siku ambayo huna zamu, taa za gari nyingine ziwepo. Na kwenye usukani, pale juu ambapo jicho linafika lenyewe, bandika kipande cha plasta chenye mshale unaoonyesha mlango wako. Kiache mwaka mzima, hasa ile siku utakayoona hakina kazi tena. Na ukienda likizo nyumbani ukaendesha kushoto wiki tatu, ukirudi anza upya kama siku ya kwanza, sheli, pakingi, getini, maana hapo mikono itakuwa imekumbushwa. Ukishafanya ile Jumapili niandikie uniambie ilikuwaje, na kama umefika mara ya saba mikono imekauka au bado.